Kumpima Mkunga Kabla Hajashika Zamu Peke Yake

Kabla ya kuwa mwalimu wa ukunga chuo kikuu nilifanya kazi leba katika hospitali ya wilaya, na hilo limeamua namna ninavyoitazama karatasi ya matokeo. Kila jina lililo mbele yangu, baada ya mwaka wa mazoezi kazini na mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, litashika zamu ya usiku mahali fulani: mama mmoja anasukuma, mwingine anaingia mlangoni, daktari yuko chumba cha upasuaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 Tanzania. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Kushuka huko kumeletwa na mambo mengi, na mkunga anayejua anachofanya ni mojawapo. Alama tunayompa ndiyo inayomfungulia mlango wa wodi. Kwa hiyo lazima iseme kweli.

Nilipoanza kufundisha, sifa ya mtihani mzuri ilikuwa ukali. Mwalimu aliyewapeleka wengi sapu, yaani mtihani wa marudio, aliheshimiwa, na somo ambalo watu walidisko kwalo, wakafukuzwa masomo, lilihesabiwa kuwa somo la maana. Wenzangu walioshikilia msimamo huo hawakuwa watu wabaya. Waliogopa, kwa haki kabisa, kwamba tukilegeza, watu wasioiva watafika kwa wagonjwa. Lakini mtihani unaweza kuwa mkali na bado ukamfelisha anayejua na kumpitisha asiyejua. Nililiona hilo hasa kwenye mtihani wa vitendo wa mwisho.

Ulikuwa unakwenda hivi. Mwanafunzi anapewa mama mmoja aliyelazwa wodini. Anakaa naye karibu saa nzima, anachukua historia, anampima tumbo, anaandika mpango wa huduma. Kisha wanakuja watahini wawili, wanasimama pembeni ya kitanda na kumhoji. Tuliuita kesi ndefu. Ni desturi iliyotujia na elimu ya Uingereza, kama ilivyotujia desturi ya watahini wa nje. Makerere iliunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilianza chini ya mwamvuli huohuo. Desturi hii ina heshima yake: mama ni mama wa kweli, tumbo ni la kweli, na mwanafunzi lazima azungumze na mtu mzima mzima badala ya ukurasa.

Ila mama ni mmoja tu. Mwanafunzi huyu anapata mama mwenye shinikizo la damu, kovu la upasuaji na historia ya mimba zilizoharibika. Mwenzake anapata mama wa wiki 38 asiye na tatizo lolote, amelazwa kwa sababu nyumbani ni mbali. Nje ya wodi wanafunzi waliulizana kwanza “umepata mgonjwa gani?”, na walikuwa sahihi kuanza na swali hilo. Watafiti wa elimu ya tiba walikwisha kuonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba anayefanya vizuri kwenye tatizo moja anaweza kufanya vibaya kwenye la pili; umahiri hauhami wenyewe kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Cees van der Vleuten wa Maastricht ameandika kwa miaka mingi juu ya jambo hili: ukitaka alama ya kuaminika, mtazame mtu kwenye matatizo mengi, kwa macho ya watahini wengi.

Na kulikuwa na dosari nyingine niliyoiona nzito zaidi. Ile saa ambayo mwanafunzi alikuwa na mama, hapakuwa na mtahini. Tulifika baadaye na kusikiliza maelezo ya kilichofanyika. Aliyesema amenawa mikono tulimwandikia kwamba amenawa. Tulikuwa tunapima usimulizi.

Mitihani ya kuandika nayo ilikuwa na yake. Mkuu wa idara yetu wa wakati huo alitoa nakala za jibu moja la insha, jina limefichwa, akatupa kila mwalimu alisahihishe peke yake. Swali lilihusu huduma kwa mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kuna aliyempa mwanafunzi huyo alama ya juu kabisa ya darasa, na kuna aliyemfelisha. Tulipoelezana sababu, kila mmoja alikuwa nayo: huyu alitafuta mfuatano wa hatua, kwa kuwa anayeanza na dripu kabla ya kuita msaada amechelewa, yule alihesabu hoja bila kujali zimekaa wapi, mwingine alikatishwa tamaa na Kiingereza kibovu cha mwandishi. Mwaka 1912 kule Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott walisambaza insha zilezile kwa walimu wengi na kupata alama zilizopishana kwa zaidi ya 30. Walipoambiwa kwamba hiyo ni kwa sababu insha ni jambo la ladha, walirudia kwa karatasi ya jiometri, na tofauti ikawa kubwa zaidi. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado mwalimu anajifungia ofisini na rundo la vitabu vya majibu bila kuzungumza na mtu.

Kwa upande wa maandishi tiba ilikuwa rahisi. Mwongozo wa kusahihishia unaandikwa pamoja na swali, kabla mtihani haujafungwa kwenye bahasha, na mwalimu wa pili anaujaribu. Tunasahihisha swali la kwanza kwa darasa zima, kisha la pili, ili uzuri wa jibu moja usilibebe jingine. Namba ya mtahiniwa inatosha, jina halihitajiki.

Kwa vitendo tulihamia mtihani wa vituo, ambao sote tunauita oski. Ulibuniwa Dundee, Uskochi, na Ronald Harden na wenzake, waliouchapisha mwaka 1975. Vituo vinapangwa ukumbini, kila kimoja na kazi yake: hapa mdoli wa kuzalishia, pale mama wa kuigiza anayetaka ushauri wa uzazi wa mpango, kwingine patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu, ya kusoma. Kengele ikilia, kila mwanafunzi anahamia kituo kinachofuata. Wote wanakutana na matatizo yaleyale, na kila kituo kina mtahini wake anayetazama kwa macho yake mwenyewe.

Kituo ninachopenda kukisimulia ni cha kifafa cha mimba. Kwenye karatasi tulikuwa tunauliza dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hilo, na darasa zima liliandika bila kusita: gramu 4 kwenye mshipa, gramu 10 kwenye misuli. Tungekwenda hivyo miaka yote. Kwenye kituo tuliweka meza, dawa kwenye vichupa vya asilimia 50, maji ya sindano na mabomba ya sindano ya mililita 20. Maelekezo yalikuwa mstari mmoja: andaa dozi ya mshipani. Anayejua anavuta mililita 8 za dawa, anaongeza mililita 12 za maji, anapata mililita 20 zenye nguvu ya asilimia 20, na anasema ataisukuma polepole, si chini ya dakika tano. Wengi wa waliopata alama kamili kwenye karatasi walisimama wakiwa wameshika bomba tupu. Waliijua gramu. Safari ya kutoka gramu hadi mililita hakuna aliyewahi kuwadai waisafiri, kwa hiyo hatukuwa tumewafundisha.

Wiki iliyofuata ratiba ya maabara ya ujuzi ilibadilika. Hesabu ya dawa ikapewa muda wake, na vichupa halisi vilivyopita tarehe vikakusanywa kwa ajili ya mazoezi. Hapo ndipo wenzangu kadhaa waliokuwa na shaka na oski walipoanza kuiamini, kwa sababu mtihani ulikuwa umetuonyesha ni wapi ufundishaji wetu una tundu. Mtihani wa kufelisha tu haukuwahi kutuambia hivyo. Ulituambia wanafunzi ni wavivu.

Baadaye tukatengeneza kituo cha pili cha dawa ileile. Mama tayari anaendelea na matibabu, muda wa dozi inayofuata umefika, chati iko mezani. Chati inaonyesha anapumua mara 12 kwa dakika. Dawa hii haitolewi tena ikiwa pumzi ziko chini ya 16, au goti halirushi mguu likigongwa, au mkojo umepungua chini ya mililita 30 kwa saa. Jibu sahihi la kituo ni kutochoma: simamisha, ita msaada, andaa kalsiamu glukoneti, dawa ya kupambana na sumu yake. Mwanafunzi aliyezoea kwamba kila kituo kinadai tendo anaona bomba na anaanza kuvuta dawa. Ninakiona kuwa kituo bora kuliko vyote tulivyowahi kuandika, na kiliandikwa na mkunga wa wodini, si na mwalimu wa chuo.

Oski ina ugonjwa wake nao, na haukuchukua muda kujitokeza. Kila kituo kilikuwa na cheklisti ndefu, na cheklisti, hata ukiifungia kabatini, hujulikana. Wanafunzi walianza kuingia kituoni wakikariri kama watoto wa madrasa: nanawa mikono, najitambulisha, naomba ridhaa, nahakikisha faragha. Yote hayo ni mema, lakini niliwaona wakimwomba ridhaa mdoli uliowekwa kama mtoto asiyepumua, huku dakika ya kwanza ikiisha. Mwaka 1999 Brian Hodges na wenzake, Toronto, walichapisha matokeo yanayofaa kubandikwa kwenye kila chumba cha mitihani: kwa cheklisti, madaktari wazoefu walipata alama za chini kuliko wanafunzi. Mzoefu huruka maswali yasiyo na maana kwa mgonjwa aliye mbele yake, na cheklisti humwadhibu kwa kila alichokiruka. Watahini wale wale walipoombwa kutoa tathmini ya jumla, wazoefu wakapanda juu.

Tukafupisha. Kwa kila kituo tuliulizana: ni hatua gani, ikikosekana, mama au mtoto anaumia? Hizo zikabaki. Kwenye kituo cha kuzuia damu baada ya kujifungua, kwa mfano, kabla ya kuchoma vitengo 10 vya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, lazima mkunga ashike tumbo ahakikishe hakuna mtoto wa pili. Asiyefanya hivyo hajafaulu kituo, hata kama mengine yote yalikuwa safi, maana oksitosini kwa mama mwenye pacha bado tumboni ni hatari kubwa. Pembeni ya orodha hiyo fupi tukaongeza swali moja kwa mtahini: kwa jumla, mtu huyu amefikia, yuko mpakani, au hajafikia?

Swali hilo lilitusaidia pia kwenye jambo ambalo kamati ya mitihani ilibishana nalo muda mrefu, yaani alama ya kufaulu. Kanuni inasema 50. Lakini 50 ya kituo kirahisi na 50 ya kituo kigumu hazilingani, na hakuna malaika aliyeishusha namba hiyo. Sasa tunachukua wanafunzi ambao watahini wamewaweka mpakani, tunatafuta wastani wao kwenye kituo kile, na wastani huo unakuwa mstari wa kufaulu. Kisha tunaupanga upya ukae kwenye 50 ili usigongane na kanuni za seneti. Ilichukua vikao. Mzee mmoja mwenye hadhi kubwa kitivoni alisema tunashusha viwango. Tulimwonyesha vituo ambavyo mstari ulikuwa umepanda juu ya 50, na akatusikiliza.

Kuhusu lugha nitasema wazi, kwa sababu wengi wanalikwepa. Mtihani wa zamani ulifanyika kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi alisimulia kwa Kiingereza mazungumzo aliyoyafanya na mama kwa Kiswahili. Leba zetu hazizungumzi Kiingereza. Kwenye vituo vya mawasiliano tumewaweka akina mama wa mitaa ya jirani, wengi wao wamezaa na wanajua wanachokiigiza, na mazungumzo ni ya Kiswahili. Anayeandika ripoti kwa daktari ataiandika kwa Kiingereza, na hilo lina kituo chake. Tangu tulipofanya hivyo nimegundua wanafunzi wetu waliokuwa wakihesabiwa wa wastani ambao kumbe wana kipaji cha kumtuliza mtu. Na wapo waliokuwa wakisifiwa kwa ufasaha wa Kiingereza ambao mbele ya mama anayelia walitoa istilahi tupu: “Mama, una pre-eklampsia,” basi.

Kila mama wa kuigiza anaulizwa swali moja baada ya mwanafunzi kuondoka: ungekubali kurudi kwa nesi huyu? Jibu lake lina alama. Mmoja wao, mama wa makamo anayeuza mboga karibu na geti la chuo, aliniambia, “Madam, yule binti wa mwanzo anajua kitu, lakini ameniuliza nimezaa mara ngapi huku anaangalia saa. Yule wa pili aliniamkia, akavuta stuli, akakaa.” Hakuna mwalimu aliyeliona hilo la stuli, sote tulikuwa tunaangalia orodha.

Kuwaandaa watahini ndiko kunakotafuna muda kuliko kazi nyingine, na siku hizi naona ndiko kunakolipa zaidi. Asubuhi ya kuamkia mtihani tunaonyeshana video ya mwanafunzi aliyekubali kurekodiwa, kila mmoja anatoa alama bila kushauriana, halafu tunaziweka wazi. Mara ya kwanza zinapishana sana. Tunajadili, tunatazama video ya pili, mwanya unapungua. Hapo ndipo inajulikana nani anatikisa kichwa kumsaidia mwanafunzi, nani anauliza “una uhakika?” kwa sauti inayotoa jibu. Mambo mengine, kama kuwazuia waliomaliza wasikutane na wanaosubiri, simu kukusanywa, na kengele ya mkono kwa siku umeme ukikatika, ni ya utaratibu tu na mtu yeyote makini atayapanga.

Katikati ya muhula tunafanya oski ndogo isiyo na alama kabisa. Mtahini ana dakika mbili mwishoni mwa kituo kumwambia mwanafunzi alichofanya vizuri na atakachorekebisha. Wanafunzi waliomba wapewe namba, tulikataa. Mwaka 1988 Ruth Butler alionyesha, kwa wanafunzi wa shule nchini Israeli, kwamba waliopewa maoni peke yake waliendelea kuliko waliopewa alama, na kwamba ukiweka alama pamoja na maoni, nguvu ya maoni inapotea. Nimeliona kwa macho: mwanafunzi mwenye namba mkononi anatafuta namba ya mwenzake; mwenye maneno anarudi kwenye mdoli.

Lakini oski yenyewe, hata ikitengenezwa vizuri, inatuambia mtu anaweza kuonyesha. George Miller, aliyepanga ngazi za umahiri mwaka 1990, aliweka juu ya “kuonyesha” ngazi moja zaidi: kufanya, kazini, pasipo mtu kusimama na karatasi. Ushahidi mzito wa pengo hilo umetoka hapahapa nyumbani. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walipima mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Baada ya mafunzo, watumishi walifanya vizuri zaidi kwenye mdoli. Kwenye leba, kwa watoto halisi, mwenendo haukubadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Kilichobadilisha ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na ripoti ya 2015 ilionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua. Mimi nayasoma matokeo hayo kama mtahini: kumwona mtu akifanya vizuri ukumbini mara moja hakunipi haki ya kutabiri zamu yake ya usiku.

Kwa hiyo sasa tunahangaika na kitabu cha kumbukumbu za vitendo, kile ambacho mwanafunzi anasainiwa kila anapozalisha au kufanya kazi fulani wodini. Kila mwalimu wa uuguzi anajua kinachotokea: siku ya mwisho ya mafunzo kwa vitendo, foleni inapangwa mbele ya inchaji, yaani msimamizi wa wodi, na saini zinamwagwa kwa wino mmoja. Inchaji hana kosa. Ana wagonjwa kupita vitanda na wanafunzi wa vyuo kadhaa kwa wakati mmoja. Tumeacha kudai saini nyingi. Tunaomba mara moja kwa wiki amtazame kila mwanafunzi akifanya jambo moja dogo kwa dakika kumi, kisha aandike sentensi mbili: alichofanya vizuri na cha kufanyia kazi. John Norcini na wenzake Marekani walijaribu utazamaji mfupi wa namna hii kwa madaktari wanafunzi katika miaka ya 1990, na ulithibitika kuwa unawezekana katikati ya kazi.

Sentensi za mwanzo zilikuwa zilezile kwa kila mtu, “amefanya vizuri, aendelee.” Tulikwenda wodini, tukakaa na mainchaji kwa zamu zao, tukatazama pamoja na kuandika pamoja. Sasa zinakuja za kweli: kwamba fulani anashika patografu vizuri ila anajaza kumbukumbu za saa nne nzima kwa mkupuo; kwamba mwingine bado anamkemea mama. Tumeomba kazi hii ya mainchaji iingizwe kwenye bajeti ya mafunzo kwa vitendo, na pendekezo la uzito wake kwenye alama za koswaka, yaani kazi za muhula, liko mbele ya kamati ya mitihani kwa ajili ya muhula ujao.